Je, wajua kwa nini Wi-Fi ya hoteli hukatika ukitoka mapokezi kwenda chumbani?

Uko nyumba ya wageni Bagamoyo, upande wa Mji Mkongwe, umekaa mapokezi unaongea kwa WhatsApp. Sauti safi. Unainuka, unavuka ua, unapanda ngazi, na kabla hujafika mlangoni kwako sauti inaanza kukatakata, halafu kimya. Ukitazama simu, alama ya Wi-Fi ipo na jina la mtandao ni lile lile.

"Dada, Wi-Fi yenu imekata tena."

"Pole kaka, ngoja nizime niwashe."

Kuzima na kuwasha husaidia kwa muda, ndiyo maana watu wengi huamini kuwa shida ni intaneti ndogo. Mara nyingi intaneti haina kosa lolote. Vifaa vinavyorusha Wi-Fi viko vinne au vitano ndani ya nyumba moja, na hakuna hata kimoja kinachojua kuwa vingine vipo.

Tuanze na kuta. Nyumba kongwe za Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kwelikweli, na kati ya masafa mawili ya Wi-Fi, mawimbi ya 5 GHz hufifia humo haraka kuliko yale ya 2.4 GHz. Ruta ya mapokezi haifiki vyumba vya nyuma. Basi mwenye nyumba ananunua nyingine tatu dukani, anazipa zote jina moja na nywila moja, anadhani kamaliza.

Wengi hawajui kwamba anayeamua kuhama kutoka ruta moja kwenda nyingine ni simu yenyewe. Na simu hung'ang'ania. Apple inaeleza kwamba iPhone huanza kutafuta kwingine mawimbi yakishuka hadi -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, kadiri namba baada ya alama ya kutoa inavyokuwa kubwa ndivyo yalivyo dhaifu). Kabla ya hapo inabaki na ya mapokezi hata kama nyingine iko juu ya kichwa chako. Ikishahama, inabidi ijitambulishe upya, na kama kila ruta inagawa anwani zake yenyewe, simu inapewa anwani mpya ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Hapo ndipo mazungumzo yanakatika na WhatsApp inaanza kuhangaika kuunganisha upya.

Kuna na suala la chaneli, yaani vipande vya masafa ambavyo ruta hurushia. Kwenye 2.4 GHz, chaneli tunazoweza kutumia bila kuingiliana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Ruta mbili zikiwa chaneli moja husubiriana zamu, kasi inashuka. Zikiwa kwenye chaneli zinazopandiana, mathalani 3 na 6, zinapigiana kelele, na hiyo ni mbaya zaidi. Fundi asiye makini huongeza nguvu ya kurusha hadi mwisho. Sasa simu inaisikia ruta vizuri, ila ruta haiisikii simu, kwa kuwa redio ya simu ni ndogo. Na simu inazidi kung'ang'ania.

Kontrola, yaani programu au boksi linaloviongoza vyote kwa pamoja, ndiyo inayovigeuza vifaa hivyo kuwa mtandao mmoja. Vile visahani vyeupe vya darini vinavyorusha Wi-Fi, mafundi huviita AP, vinapokea maagizo kutoka sehemu moja: jina, nywila, chaneli, nguvu. Anwani zinagawiwa na ruta moja tu. Kontrola huwasha pia viwango vinavyosaidia kuhama: 802.11k huipa simu orodha ya AP za jirani, 802.11r hufupisha kujitambulisha upya (vyote vya 2008), na 802.11v, cha 2011, huishauri simu ihame. Huishauri tu, simu ya zamani inaweza kupuuza.

Mwanzoni kontrola lilikuwa boksi la bei kali la mashirika makubwa. Cisco iliinunua kampuni ya Airespace mwaka 2005 kwa ajili ya teknolojia hiyo, na 2009 ukatoka utaratibu wa wazi wa mazungumzo kati ya AP na kontrola, CAPWAP. Siku hizi chapa kama UniFi na Omada wanatoa programu ya kontrola unayoweza kuiweka kwenye kompyuta yako bila kulipia, MikroTik wameiingiza ndani ya ruta, na Meraki iko kwenye klaudi kwa leseni.

Uchague ipi? Kabla ya bei na kasi, mimi ningeuliza: kontrola ikizimika, wageni wanaendelea? Kwenye baadhi ya mifumo data zote za wageni hupitia kwenye kontrola, ikifa kila kitu kimekufa. UniFi na Omada huendelea kurusha, ingawa ukurasa wa wageni kuingia unaweza kukwama. Ya klaudi uliza leseni ikiisha inakuwaje, na intaneti ikikatika unabaki na uwezo gani wa kubadilisha mambo. Kwa nyumba ya vyumba kumi na tano, boksi kubwa la mashirika ni kutupa hela.

Umeme nao ni wa kupangia. AP hupata umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao, swichi ya kiwango cha 802.3af (boksi la kugawa kebo za mtandao) ikitoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Kwa hiyo UPS moja (betri ya akiba) kwenye swichi inazibeba AP zote, ilimradi ruta na kontrola navyo vimechomekwa hapo. Za nje, upande wa bahari, ziba maungio ya kebo vizuri. Chumvi haina huruma.

Ikishafungwa, tenga mtandao wa wageni na ule wa kompyuta za malipo, chagua Tanzania kwenye orodha ya nchi katika mipangilio ya kontrola, na programu mpya ijaribu kwenye AP moja kwanza, usiku. Nywila ya kontrola ikae kwa mwenye hoteli pamoja na nakala ya mipangilio kwenye flashi. Fundi akihamia Tanga nayo kichwani na kompyuta ikafa, mtu atabeba ngazi chumba hadi chumba, akibonyeza kitufe cha kila AP kwa sindano ili aanze upya.