Mchanga wa Matumbawe Hauanikwi Kama Dagaa

Nimeletewa tena hapa Kigoma mchanga wa matumbawe kutoka Unguja, nitafute ndani yake tadigradi, wanyama wadogo mno wenye miguu minane, na umefika ukiwa mkavu kabisa, umeanikwa kama dagaa wa Kibirizi. "Ongeza maji tu, mwalimu, tadigradi hawafi."

Wanakufa! Anayejikunja akakauka, kisha akaamka akipata maji, ni yule wa kwenye ukoga wa mapaa na magome ya miti. Wa mchanga wa chini ya bahari, wengi wao wa kundi la Athrotadigrada, hawana uwezo huo. Ukiwakausha wanasinyaa, na nyuzi za hisia za kichwani, vidole na makucha, yaani vyote ninavyotambulia spishi, vinakunjamana. Yupo Echiniscoides sigismundi, mkazi wa sehemu zinazokupwa na kujaa, ambaye huvumilia ukavu. Lakini mtu akishasikia habari za huyo mmoja, anaanika ndoo nzima!

Osha mchanga ungali mbichi. Mwagia maji yasiyo na chumvi kwa dakika moja hivi, koroga, mimina maji ya juu kwenye chujio la mikromita 40. Wanaodhani maji hayo yanaharibu sampuli hawajui kwamba mshtuko huo ndio unaowafanya waachie chembe walizong'ang'ania. Kisha tia formalini ya asilimia 4, au alkoholi ya asilimia 95 kama unataka DNA. Lebo iandikwe kwa penseli, tafadhali. Alkoholi inafuta wino, halafu mnaniuliza mimi chupa ni ya wapi.

Mwingine ananiambia kuhusu Batillipes, jenasi ya tadigradi wa mchanga wa bahari: "Batillipes mpya, ana vidole vinne!" Huyo ni lava, yaani mtoto. Mpevu ana sita kila mguu. Angalia kwanza tundu la uzazi. Kama halipo, usimpe mtoto jina la spishi mpya.

Na Ziwa Tanganyika halikuwa bahari. Mwanazuolojia J. E. S. Moore alilitetea wazo kwamba lilikuwa bahari baada ya kuona konokono wanaofanana na wa baharini, lakini msafara wa mwanazuolojia mwenzake, Cunnington, wa 1904–1905 haukuliunga mkono. Ziwa limezaliwa na bonde la ufa, kwa hiyo msinichimbie mchanga wa Bangwe, huku ziwani, mkitafuta spishi za bahari ya Mafia.

Picha za simu nazo zinanionyesha kwamba ni tadigradi, basi. Urefu na mpangilio wa vidole vya mguu wa nne huonekana kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Nileteeni slaidi yenyewe, ya gliserini, kingo zimezibwa kwa rangi ya kucha.