Mnada wa hadhara wa nyumba: nyundo ikigonga, umeshanunua

Mnada wa hadhara ni uuzaji wa mali mbele ya watu: wanunuzi wanashindana kutaja bei, na mali inakwenda kwa aliyetaja kubwa kuliko wote. Hilo kila mtu analijua. Kisichofahamika sana ni kwamba mali inapokuwa nyumba au kiwanja, mnada hupindua utaratibu mzima wa kununua. Katika mauzo ya kawaida mnapatana bei kwanza. Baadaye wakili anapekua hati, fundi anapanda darini, benki inatafakari mkopo wako, na ikionekana kasoro unajitoa. Mnadani kazi hiyo yote inapaswa iwe imekwisha kabla hujafika, kwa sababu nyundo ya dalali ndiyo inayofunga mkataba.

Kanuni hii ina umri. Mwaka 1789 mahakama ya Uingereza iliamua, katika kesi ya Payne dhidi ya Cave, kwamba dau, yaani bei anayoitaja mnunuzi, ni ombi la kununua tu, na aliyelitoa anaweza kulifuta wakati wowote kabla nyundo haijagonga. Kesi yenyewe ilihusu vyombo vya kukenekea, si nyumba, lakini nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza bado zinasimama hapo. Kwa hiyo dalali anaposema "mara ya kwanza, mara ya pili", zile sekunde chache ndizo mlango wako wa mwisho wa kutokea.

Nyumba hufika mnadani kwa njia kadhaa: mkopo umeshindikana na benki inauza rehani yake, kodi ya serikali haikulipwa, warithi wanataka kugawana fedha, au mwenyewe anataka kuuza haraka. Uliza daima ni ipi kati ya hizo, maana sababu ya kuuza ndiyo inayokuambia nini kitakuja pamoja na nyumba. Benki haijawahi kulala humo hata usiku mmoja. Haiwezi kukuambia bomba gani linavuja. Na mdaiwa kwa kawaida anaweza kulipa deni lake na kuikomboa nyumba asubuhi ileile ya mnada. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani haki hiyo ya kukomboa huendelea kwa muda hata baada ya mauzo, hivyo mnunuzi anakaa akisubiri huku mali haijawa yake kikamilifu.

Neno zito kuliko yote kwenye masharti ya mauzo ni "kama ilivyo". Maana yake ni kwamba ufa wa msingi, paa bovu, malimbikizo ya ada na mgogoro wa mpaka vinaweza kuhamia kwako pamoja na ufunguo, tena pengine ufunguo wenyewe hupewi. Nenda ukaitazame nyumba, hata kama utaishia barabarani. Ukiona nguo zimeanikwa kambani na viatu vya watoto mlangoni, ujue humo mna watu. Wanaweza kuwa wapangaji wenye mkataba halali ambao sheria itakutaka uuheshimu, au familia iliyoshindwa mkopo na haina pa kwenda. Kuwahamisha kutakuwa mzigo wako, kwa njia ya sheria, na kunaweza kuchukua miezi. Mimi naona mtu asiye tayari kuzungumza na watu hao kwa utu asinunue nyumba ya aina hiyo, hata iwe rahisi vipi.

Kuhusu bei, usichanganye bei mbili. Bei ya kuanzia ni chambo cha kufungulia mashindano. Bei ya akiba ni kiwango ambacho muuzaji hatauza chini yake, na mara nyingi huwa siri. Ya kwanza inaweza kuwa ndogo sana, na ndiyo inayowavuta wengi.

Dau lako lipange kwa kurudi nyuma. Tuseme nyumba ikishatengenezwa itakuwa na thamani ya 100. Ukarabati 15, wakili, ada za mnada na kodi za uhamisho 8, faida unayoitaka 12: mwisho wako ni 65. Iandike hiyo 65 kwenye karatasi, uishike mkononi. Nasisitiza karatasi kwa sababu ushindani hulevya. Aliyefika 65 huona 66 si kitu, na 67 vilevile.

Kuna jambo jingine hapo, linaloitwa laana ya mshindi. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu vya mafuta ziliambulia faida ndogo. Kila mshindani anakisia thamani. Wengine wanakisia chini, wengine juu, na anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyekisia juu kuliko wote, yaani aliyekosea zaidi upande wa juu. Na nyumba ni hivyohivyo. Kadiri washindani wanavyokuwa wengi ukumbini, ndivyo unavyopaswa kushusha dau lako, kinyume kabisa na moyo unavyokutuma.

Ukishinda, unasaini na kulipa amana papo hapo. Uingereza kwa kawaida ni asilimia 10, na salio ndani ya siku 28. Kwingine viwango hutofautiana. Mkopo wa nyumba ambao haujaidhinishwa mapema ni nadra kuwahi muda huo. Ukishindwa kumaliza, amana inapotea, na nyumba ikiuzwa tena kwa bei ndogo unaweza kudaiwa tofauti.

Kama hakuna dau lililofikia bei ya akiba, nyumba huondolewa bila kuuzwa. Usiondoke mbio. Mpe dalali namba yako, kwa kuwa muuzaji aliyetoka mnadani mikono mitupu mara nyingi huwa tayari kuzungumza jioni hiyohiyo.