Fidia ya nchi inayoyumba: nani ashike fedha?

Wanafunzi wangu wa diplomasia hapa Kurasini hupenda kujua fidia ya vita ni kiasi gani. Mimi huwauliza: ikishalipwa, inaingia akaunti ya nani?

China inafundisha mengi. Baada ya uasi wa Boxer, ambapo Wachina waliwashambulia wageni, mkataba wa Septemba 1901 uliitwisha deni la taeli (kipimo cha uzani cha China) milioni 450 za madini ya fedha kwa mataifa ya kigeni, lilipwe kwa miaka 39 kwa riba ya asilimia 4. Dhamana mojawapo ilikuwa ushuru wa forodha. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1911, mabalozi wa mataifa hayo walihofia ushuru huo ungeishia kwa wanajeshi wa majimboni. Hadi hapo wageni walioendesha forodha walikadiria tu. Waliopokea fedha ni maofisa wa China. Sasa mkuu wa forodha, Mwingereza Francis Aglen, akaanza kuzipokea na kuziweka katika benki za kigeni. Wadai walilipwa kwanza, kisha ziada ikaenda kwa serikali iliyotambuliwa na mabalozi. Kwa hiyo aliyetambuliwa ndiye aliyekula. Sun Yat-sen, kiongozi wa serikali pinzani ya kusini, alipodai mgawo wa mji wake wa Guangzhou mwishoni mwa 1923, mataifa makubwa yalimpelekea manowari.

Mwaka 1924 Marekani iliamua kurejesha salio la mgawo wake wa fidia hiyo, majenerali wakiwa wanagombea Beijing. Fedha hazikupitia hazina. Iliundwa bodi ya wadhamini, Wachina 10 na Wamarekani 5, zikatengwa kwa elimu na utamaduni. Uamuzi huu nauheshimu kuliko ule wa forodha: wenye nchi walikuwa wengi mezani.

Jirani zetu sasa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo, kwa madhara ya vita vyake huko, dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Milioni 225 kati ya hizo ni za madhara kwa watu. Anayepokea ni serikali. Kuhusu mgawo, mahakama ilizingatia ahadi ya Kinshasa kwamba mfuko wake utawafikia waathirika kwa haki, wawakilishi wao wakiwa miongoni mwa wasimamizi. Ni kweli, majaji hawawezi kuendesha mfuko ndani ya nchi huru. Lakini mjane aliyebomolewa nyumba Kisangani Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo, hana mlango wa kugonga The Hague, makao ya mahakama hiyo. Ningekuwa mshauri wa Kinshasa, ningesisitiza akaunti iwe mbali na hazina, mkaguzi atoke nje ya serikali, na hesabu za kila fungu zisomwe hadharani Kisangani, kwa Kiswahili na Kilingala, kabla fungu jingine halijaguswa.