Umeambiwa una melanoma na vipimo vingine bado: maswali ninayoulizwa kila wiki

Melanoma ndo nini hasa?
Ni kansa ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya mwili. Kwa watu weusi inapenda kukaa unyayoni, kiganjani au chini ya kucha, ndo maana mtu anatembea nayo mwaka mzima akijua alichomwa na mwiba.

Si wameshaikata, mbona naitwa tena?
Ile ya kwanza ilikuwa ya kupima. Majibu ya maabara yanataja unene wake kwa milimita, hiyo namba iulize na uiandike kwenye simu maana karibu kila kitu kinafuata hapo. Isipozidi milimita 1, kwa kawaida wanarudi kukata ngozi ya pembeni kama sentimita 1 kuzunguka, ikizidi milimita 2 wanaenda sentimita 2. Na unene ukiwa kama milimita 1 au zaidi watazungumzia pia kupima tezi, ya kinena kama doa lilikuwa mguuni, ya kwapa kama lilikuwa mkononi. Skani sio ya kila mtu, kwa hiyo usiogope ukiambiwa ufanye na usilalamike ukiambiwa haihitajiki.

Nimesikia kansa ikiguswa na chuma inasambaa, kweli?
Hapana. Naomba nirudie, hapana. Kisu hakisambazi melanoma, kuiacha ndo kunaisambaza. Hili neno la chuma linanipotezea wagonjwa kuliko kitu kingine chochote, mtu kakatwa kinyama cha kupima vizuri, majibu yametoka, tarehe ya operesheni ipo, alafu anaingia mitini. Anarudi baada ya miezi 8 tezi ya kinena imevimba kama limau na bado ananiambia "si nilisema wasiguse".

Basi nipake dawa ya kuchoma wakati nasubiri?
Usipake, usichome, usichokonoe na wembe. Juu panafunga unafurahi, chini inaendelea na safari yake. Kama ushapaka kitu sema tu, tutakasirika dakika moja alafu tutaendelea na kazi.

Silali, nahisi inatembea mwilini wakati majibu hayajatoka.
Karibu kila mgonjwa ananiambia hivyo, na huo ni woga, sio ugonjwa unaousikia. Wiki chache za kungoja maabara kwa kawaida haziharibu mambo, kinachoharibu ni kutorudi. Mwambie japo mtu mmoja, siku ya majibu uende naye kwa sababu wewe ukisikia neno kansa masikio yanaziba, yeye ndo atakumbuka kilichosemwa. Kabla hujatoka kwa daktari uliza majibu yanatoka lini na unampigia nani, tarehe ikipita kimya usikae kusema labda hamna tatizo, piga wewe. Na usiku acha kuperuzi picha za vidonda vya watu jamani, hazikuhusu. Usingizi ukikataa hata baada ya wiki, tuambie, hilo nalo linatibika.

Kitu gani kisisubiri tarehe?
Uvimbe mpya kinenani, kwapani au shingoni, doa jipya karibu na kovu, mshono kutoa usaha, kuumwa kichwa kusikoisha, pumzi kubana. Njoo siku hiyohiyo.

Lakini daktari, kuna mtu namjua alikatwa na akafa.
(Hili huulizwa mlangoni, mkono ushashika kitasa.) Na mimi nawajua, na pole. Ila nenda kawaulize ndugu zake lile doa lilikaa miaka mingapi kabla hajafika hospitali. Nimeuliza hilo swali mara nyingi sana na bado sijajibiwa "wiki mbili".