Ndama mwenye ngiri si kloni

Tangu kazi ya uhimilishaji, yaani kumpandikizia ng'ombe jike mbegu za dume bila kupandwa, ianze kushika kasi Bahi na Chamwino mkoani Dodoma, malalamiko yanayotufikia sisi tunaotibu mifugo yana wimbo mmoja: "Mmempandikizia ng'ombe wangu kloni, ndama kazaliwa na kasoro." Hapana. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, kinakusanya mbegu za madume. Mimba ni ileile, ila dume hakuja zizini.

Kloni, yaani mnyama aliyenakiliwa kutokana na seli ya mnyama mwingine mmoja, ni habari nyingine kabisa. Kondoo Dolly alizaliwa Uskoti mwaka 1996 kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima. Viinitete (mimba changa kabisa) 277 vilitengenezwa, akazaliwa yeye peke yake. Kwa ng'ombe wa kloni, kondo la nyuma mara nyingi huwa na hitilafu, ndama huzidi uzito, mishipa ya kitovu hunenepa, kano za miguu hukaza. Madaktari wa huko wanakozalisha kloni huikata na kuifunga mishipa hiyo mapema, na miguu huifunga banzi. Lakini ngiri (utumbo kutokeza kwenye tundu la kitovu lisilojifunga) na kano zilizokaza huwapata hata ndama wa Mpwapwa waliopandwa na dume la jirani, na tiba haibadiliki.

Ngiri ndogo ya kitovu huweza kujifunga yenyewe; tundu likipitisha vidole vitatu, mlete. Ndama asiye na njia ya haja kubwa hana muda huo. Atanyonya dang'a, maziwa ya kwanza, vizuri, mtafurahi, kisha tumbo litajaa. Msimtoboe kwa kisu cha moto. Tumeshawapokea wa namna hiyo.

Utaratibu: mwarifu afisa mifugo wa kata, naye atamwita daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Ulizia namba yake ya usajili, dai risiti. Kutoa huduma hiyo bila usajili ni kosa chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003. Ukimtoa ndama wilaya moja kwenda nyingine, chukua kibali cha kusafirisha mifugo, kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003. Ndiyo, hata akiwa kwenye bodaboda. Akishachomwa antibiotiki, haendi machinjioni mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Dume aliyepasuliwa ngiri tunashauri ahasiwe. Wapo wanaogoma, eti ana umbo zuri. Ngiri ya kitovu huweza kurithiwa, kwa hiyo suala hilo tunalimaliza na mwenye mali kabla ya kuchoma ganzi.