Mzazi na Mwalimu Wanapotofautiana Kuhusu Tabia ya Mtoto

Kwa nini mzazi na mwalimu hujaza dodoso lile lile kuhusu mtoto mmoja, lakini majibu yao hayafanani?

Kila mmoja humwona mtoto katika mazingira yake. Nyumbani mtoto hucheza apendavyo na hudeka, ilhali darasani hutakiwa kuketi, kungoja zamu na kufuata maelekezo akiwa katikati ya wenzake wengi. Mwalimu, kwa kuwa ana watoto wengi wa rika moja mbele yake, hupima utundu wa mmoja kwa kuulinganisha na wa wengine. Mzazi humlinganisha na ndugu zake, au na jinsi alivyokuwa mwaka uliopita. Hali ya mpimaji nayo huchangia: mzazi mwenye sonona huweza kuyaona matatizo ya mtoto kuwa makubwa zaidi, na mwalimu huweza kudhani kuwa mtoto hatulii, kumbe ndiye mdogo kuliko wote darasani na wenzake wamemzidi karibu mwaka mzima.

Tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani?

Ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake nchini Marekani walichambua tafiti 119 kuhusu watoto na vijana. Katika kipimo ambacho 0 huonyesha kuwa majibu hayana uhusiano wowote na 1 huonyesha kuwa yanakwenda sambamba kabisa, watu wanaomwona mtoto katika mazingira yanayofanana, kama baba na mama, walipata wastani wa 0.60, na wale wa mazingira tofauti, kama mzazi na mwalimu, walipata 0.28 tu.

Ni tabia zipi huzua tofauti zaidi?

Ni zile za ndani, yaani woga, huzuni na wasiwasi, kwa sababu ugomvi na utukutu hujionyesha wenyewe. Wapo hata watoto wanaozungumza kwa ufasaha nyumbani na kunyamaza kabisa shuleni kwa sababu ya wasiwasi. Mzazi na mwalimu wa mtoto wa namna hiyo, ingawa maelezo yao yanapingana, wote wawili husema kweli.

Basi nani aaminiwe?

Swali hilo, kwa maoni yangu, huwapotosha wengi. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, hutaka dalili kadhaa za upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa hiyo mtaalamu huhitaji maelezo ya pande zote mbili. Tatizo likionekana darasani pekee, ni vyema kuchunguza kwanza kama mtoto anaona ubaoni na kusikia vizuri, kama masomo yanamshinda, au kama anaonewa na wenzake. Likionekana nyumbani pekee, usingizi wake, ratiba ya siku na mabadiliko yaliyotokea katika familia ndiyo ya kuulizwa mwanzo.