Kutetea pointi kwenye tenisi: maana yake nini?

Jumatatu moja ya Julai 2022, kijana wa jirani hapa Katuba, Lubumbashi, alinifuata na simu mkononi. "Yaya, huyu Ons Jabeur wa Tunisia ameshinda mechi sita Wimbledon, amefika fainali. Mbona leo wameandika ameshuka kutoka namba 2 mpaka namba 5?" Nilimwambia akae, maana jibu lake linataka kiti. Liko ndani ya maneno mawili ambayo watangazaji wa tenisi huyataja kila wiki bila kuyaeleza: kutetea pointi.

Sisi watu wa Lubumbashi tumekulia kwenye jedwali la mpira. Msimu ukianza, Mazembe na wengine wote wana sifuri. Unashinda, unapata tatu, zikishaingia, zimeingia. Hakuna anayekuja mwezi wa nne kukuambia, "Mwaka jana siku kama ya leo ulishinda, basi turudishie zile tatu." Kwenye tenisi wanakuja kuzidai. Orodha ya dunia haina siku ya kuanza upya. Kila mara inahesabu wiki 52 zilizopita tu, na pointi ulizopata kwenye shindano fulani hukaa kwako mpaka shindano hilo lirudi mwaka unaofuata. Likirudi, za zamani zinafutwa na mpya zinaandikwa mahali pake. Kutetea pointi ni kufika tena angalau pale ulipofika mwaka jana, ili zinazoingia zisipungue zinazotoka.

Fikiria ghala la mahindi. Kila wiki unaweza kuingiza mifuko, lakini wiki hiyo hiyo inatolewa mifuko uliyoingiza mwaka jana. Ukiingiza sawa na inayotoka, ghala limebaki vilevile. Ukiingiza michache, limepungua, hata kama hiyo michache uliilima kwa jasho. Anayechukua Grand Slam, yaani moja ya mashindano manne makubwa: Australian Open, Roland Garros, Wimbledon au US Open, anapewa pointi 2000. Akirudi mwaka unaofuata akatolewa raundi ya kwanza, anapata 10. Zimeondoka 1990 kwa mechi moja.

Neno lenyewe "kutetea" linapotosha kidogo. Linakufanya uone adui anayekuja kunyang'anya, na kwamba ukijifungia ndani utakuwa salama. Kinachokula pointi ni kalenda. Ucheze, usicheze, tarehe ikifika zinatoka. Rafael Nadal wa Hispania aliyaona hayo. Mwaka 2022 alichukua Australian Open na Roland Garros. Januari 2023 akaumia nyonga huko Melbourne, kwenye Australian Open, na kutolewa raundi ya pili. Tarehe 20 Machi akatoka kwenye kumi bora, mahali alipokaa wiki 912 mfululizo tangu Aprili 2005. Juni Roland Garros ikapita yeye akiwa nyumbani anajiuguza, na zile 2000 zikafutwa: kutoka nafasi ya 15 mpaka ya 136, bila kupiga hata mpira mmoja.

Kwa walioumia kuna kinachoitwa nafasi iliyolindwa. Mwanamume aliyekaa nje miezi sita au zaidi anaweza kuomba apewe wastani wa nafasi aliyokuwa nayo katika miezi mitatu ya kwanza ya kutokuwepo kwake, aitumie kuingilia mashindano. Wanawake nao wana yao, pamoja na wale waliotoka kujifungua. Ni utaratibu wa haki, nami naupenda, lakini unafungua mlango tu. Pointi haurudishi, wala haukupi ule upendeleo wa wachezaji 32 wa juu, ambao kwenye Grand Slam hutenganishwa wasikutane mapema. Ndiyo maana Roland Garros ya 2024, Nadal, bingwa wa hapo mara 14, aliangukia kwa Alexander Zverev, namba 4 wa dunia, kwenye raundi ya kwanza kabisa. Akatolewa.

Kwa nini wamejipangia mfumo mkali namna hii? Kabla ya 1973, kuingia mashindano makubwa kulitegemea sana waandaaji: wanakujua, wanakupenda, jina lako linauza tiketi. Agosti 1973 chama cha wachezaji wanaume, ATP, kilitoa orodha ya kwanza ya kompyuta, na Ilie Năstase wa Romania akawa namba 1. Wanawake walipata yao mwaka 1975, Chris Evert akiwa juu. Orodha ikawa ndiyo inayoamua nani anaingia. Mtu asiye na jina wala mjomba mkubwa akawa na njia. Gharama ya njia hiyo ni kwamba sifa za juzi hazikubebi.

Watu wengi hutazama kilele tu, lakini mimi naona mzigo mzito uko chini. Grand Slam ina wachezaji 128. Upande wa wanaume, takribani 104 huingia moja kwa moja kwa nafasi zao, 16 hupitia mechi za mchujo, na wanaobaki hualikwa. Kwa hiyo karibu na nafasi ya mia moja kuna mstari. Aliye ndani ya mstari, hata akipoteza mechi yake ya kwanza US Open ya 2024, aliondoka na dola 100,000. Aliye mbali chini anacheza mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, yanayoitwa M15: bingwa hupata pointi 15 na dola 2,160, anayetolewa raundi ya kwanza hupata dola 156 na pointi sifuri.

Sasa mchukue kijana wa kwetu, tuseme amejifunza kwenye viwanja vya udongo mwekundu vya mjini hapa, akaenda nje akashinda M15 moja mwezi wa tatu. Pamoja na za mashindano mengine, jumla yake ni pointi 40. Mwaka unazunguka, mwezi wa tatu umefika, zile 15 zinatoka. Ili azitetee anatakiwa awe na tiketi ya ndege kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, viza, hoteli, na mtu wa kumfunga nyuzi za raketi. Akikosa pesa ya safari, amepoteza zaidi ya theluthi ya ghala lake akiwa amelala nyumbani. Wa Ulaya hupanda treni kwenda shindano la jirani wiki inayofuata. Ndiyo maana nilifurahi Kigali ilipoanza mwaka 2024 kuandaa Challenger, ngazi iliyo juu ya M15, ambayo bingwa wake alipata pointi 50. Kwa mchezaji wa Afrika ya kati, shindano la karibu ni pointi zinazoweza kuteteka.

Turudi kwa Jabeur. Mwaka 2021 alifika robo fainali Wimbledon, pointi 430. Mwaka 2022 Wimbledon iliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi, na vyama vya wachezaji vikajibu kwa kutotoa pointi zozote. Akacheza fainali, akaingiza sifuri. 430 zikatoka kama kawaida. Mwaka 2023 akafika fainali tena, safari hii pointi 1300, na kwa kuwa 2022 haikuwa imeandika kitu, zote zikawa faida tupu.

Kiangazi cha 2024 yule kijana alikuja tena. Jabeur alikuwa ametolewa raundi ya tatu na Elina Svitolina, pointi 130. Kabla sijafungua mdomo alikuwa tayari amepiga hesabu kwenye simu yake: zimeondoka 1170.